Samaki wa Kahambu na Mume Wangu Léonard

Mume wangu Léonard anachambua maneno kama mimi ninavyochambua maharage. Tofauti ni kwamba mimi nikimaliza kuchambua napika. Yeye akimaliza, ananyamaza.

Tumeoana miaka kumi na saba. Analima shamba la baba yake juu ya Lushebere, maharage upande wa juu, mihogo upande wa chini. Vita vilipokuja alitukimbiza mara mbili, na mara zote mbili akaturudisha, akajenga nyumba ile ile kwa misumari ile ile, akiinyoosha mmoja mmoja juu ya jiwe. Katika hayo yote sikumbuki neno tamu alilowahi kuniambia. Hata jina langu nilidhani amelisahau. Nilibatizwa Vestine, lakini kwetu mwanamke akizaa mtoto wa kwanza, jina lake linawekwa kando kama nguo ya usichana. Alipozaliwa binti yetu Shekinah, nikawa Mama Shekinah kwa mama mkwe, kwa mchungaji, kwa wateja, na kwa Léonard mwenyewe, akiwa mzima au akiwa na homa.

Mimi nina malewa, kibanda cha chakula kando ya barabara: ugali wetu wa fufu, maharage, sombe ya majani ya mihogo, na ndagala, dagaa wetu, wa kukaanga. Na nina wivu. Nalisema mapema, kwa sababu mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi nusura wivu huu uniumbue mbele ya Lushebere nzima. Kwa kweli uliniumbua. Subirini.

Kahambu alikuja miaka miwili iliyopita katika lori la mumewe Maurice, wote wawili Wanande wa Butembo, Wakatoliki wasiokosa misa ya kwanza. Wakapanga nyumba iliyotazamana na malewa yangu. Ndani ya mwezi mmoja palikuwa na duka la sabuni, chumvi, vitenge na betri. Ndani ya mwaka mmoja palikuwa na mabati mapya ya bluu. Mimi niliyezaliwa hapa, kitovu changu kikazikwa hapa, mabati yangu yana kutu hadi maji ya mvua yanatoka na rangi ya chai.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba hakuwa mbaya. Mtu mbaya unamchukia, unalala usingizi wako. Kahambu alinisalimia kila asubuhi, akaulizia hata mbuzi. Alikuwa na viatu vya kutokea na viatu vya kukaa dukani. Maurice alimwita "Madame". Madame, hapa Lushebere, katika matope haya! Nilikuwa nikikaanga ndagala huku nikimtazama, na mara nyingi niliunguza.

Halafu wakaja samaki.

Maurice aliwanunua Goma, kwa mtu wa shirika fulani aliyekuwa akihama. Lilikuwa sanduku la kioo, kubwa kuliko sanduku la nguo, na ndani samaki wekundu wanane. Kahambu alisafiri nao siku nzima amepakata ndoo. Akawaweka dukani kati ya katoni za sabuni, na kipampu kidogo cha umeme wa jua kikawa kinapuliza mapovu. Watu walitoka mpaka kambi ya wakimbizi kuja kutazama. Akina mama wa hapa tumeona samaki tangu utotoni, lakini wa kukaanga, wa kukausha, wa kutia chumvi. Samaki wa kutazama tu, asiyeliwa, huyo hatukuwahi kumwona. Na mtu akishatazama samaki, anaona aibu kutoka bila kununua walau kiberiti.

Wawili walikufa wiki ile ile. Tangu kipindupindu kiingie kambini, Papa Grégoire, mtu wa afya, alikuwa akikaa bombani na ndoo ya klori na bomba la sindano, akimpigia kila mwanamke kipimo chake ndani ya bidoni, dumu lake la maji, kabla hajaondoka. Kahambu alikuwa amewatilia samaki maji hayo. Papa Grégoire mwenyewe alikuja kumweleza mbele yangu.

"Mama Kahambu, klore inaua mikrobe, na inaua samaki pia. Uwapatie maji ya mvua, basi."

Kahambu akaweka pipa chini ya mabati yake ya bluu, na sita waliobaki wakanenepa.

Hapo ndipo Léonard akaniponyoka. Kila jioni akishuka kutoka shambani, kabla ya kufika nyumbani, alikaa kwenye benchi la Kahambu, jembe kati ya magoti, macho kwenye kioo. Mimi nilikuwa ng'ambo ya barabara na mwiko mkononi. Siku moja nikamwona anacheka. Léonard! Meno yote nje, kama siku aliyopata mbuzi wa mapacha. Akainama, akasema kitu karibu na kioo, na Kahambu naye akacheka. Mumewe yuko safarini, yeye anacheka na wangu. Aliporudi nyumbani nikamwuliza mlikuwa mnacheka nini.

"Samaki," akasema.

"Samaki walifanya nini?"

Akachambua, akachambua. "Kuna mumoja anafukuzaka wenzake kwa chakula," akasema, akanawa mikono. Basi. Mimi napewa maneno saba, kule ng'ambo anatoa kicheko kizima.

Mwezi wa tano Kahambu akavuka barabara kuja kwangu, na ufunguo mkononi.

"Mama Shekinah, mimi na Maurice tunaenda ku Mpofi siku tatu, kutafuta mawese. Weye njo jirani yangu. Unichungie hawa samaki. Maji ikishuka, uongeze, lakini ya mvua tu, ya ile pipa. Ya robine ya Papa Grégoire hapana."

"Hakuna shida, dada," nikasema. Nikaupokea ufunguo. Hata kuniamini kwake kuliniudhi: ni mtu aliyeshiba tu anayeweza kuamini watu hivyo.

Siku ya pili ilikuwa siku ya soko, mvua inanyesha, watu wako sokoni, barabara haina mtu. Nilikuwa bombani. Sitasema shetani alinisukuma, shetani ana kazi zake nyingine. Ni mimi.

"Papa Grégoire, niongezee kipimo."

"Iyi inatosha, Mama."

"Ongeza tu. Batoto banaumwa na tumbo."

Akaongeza.

Bidoni yangu ni ya njano kama bidoni za wote. Pale bombani zinapangwa hamsini, na kila mwanamke anaijua yake kwa kitambaa kilichofungwa kwenye mkono wa bidoni. Changu ni cha kijani chenye maua, kimekatwa kwenye kitenge cha harusi yangu, na hakuna wa pili nacho. Nilipita nayo moja kwa moja hadi dukani kwa Kahambu, nikafungua, nikamimina. Samaki mmoja mwenye mkia mweupe alipanda juu hadi kwenye mdomo wa bidoni, akidhani ninamletea chakula. Nilimwona, na sikuacha kumimina.

Nikasikia mtu anakohoa barabarani. Nikakimbia kwa mlango wa nyuma, bila kufunga, bila bidoni.

Nyumbani nilikaa nikisikiliza barabara. Punde Léonard akaingia uani, amejifunika plastiki yake ya mvua mpaka kichwani, amevimba upande mmoja. Mguu mmoja una buti, mwingine mtupu umejaa matope, na lile buti la pili amelikumbatia kifuani.

"Imepasuka?" nikamwuliza, nikacheka, kicheko cha mwenye hofu.

"Imepasuka," akasema, akapita nyuma ya nyumba kwa mbuzi.

Mvua ilipokatika nilirudi dukani mbio. Kioo kilikuwapo, mapovu yanapanda, maji yananuka hospitali. Samaki hakuna, hata mmoja. Na bidoni yangu haipo.

Nilifunga mlango. Kama samaki wangekufa na kuelea, ningesema wamekufa, samaki hufa. Lakini kuna mtu aliingia. Mtu huyo ana bidoni yenye kitambaa cha harusi yangu, na anajua.

Kahambu aliporudi alikwenda moja kwa moja kwenye kioo. Maurice akaingiza kidole katika maji, akanusa, akamtazama mkewe. Nilikuwa mlangoni.

"Samaki iko wapi, Mama Shekinah?"

"Mi sijue, dada. Nilikuta hivi. Pengine ni paka."

Kahambu alilia kidogo, akajifuta kwa pembe ya kitenge, akanishukuru kwa kuchunga duka. Akanishukuru! Afadhali angenizaba kofi.

Alichonyamaza yeye, wengine walikisema. Mwenye ufunguo nilikuwa mimi, na mwenye kikaango nilikuwa mimi. Claudette, jirani anayeuza makaa na asiyeweza kuona kidonda bila kukigusa, alikuja na sahani yake mbele ya wateja wote.

"Mama Shekinah, hii ndagala ya leo, haiko nyekundu kweli?"

Wakacheka. Siku za kwanza walicheka na kula. Baadaye walicheka tu. Madereva wa pikipiki wakaanza kula kwa mwingine, kule karibu na kanisa, na mimi nikawa narudi nyumbani na sufuria nzito kama nilivyoondoka. Kukana nilikana, lakini kwa sauti ndogo, maana niliamini nimewaua. Pale bombani nilikagua mkono wa kila bidoni. Papa Grégoire akinisalimia, nilitazama uso wake nione kama atanishtaki.

Wiki tano zilipita hivyo, na bado nilipata nafasi ya wivu. Léonard aliacha benchi la Kahambu ghafla, akawa anapita upande ule bila kugeuza shingo. Mwanamke mwingine angefurahi. Mimi nikasema: lo, mapenzi yamekomaa, sasa yanajificha. Halafu kuna jambo la fufu. Kila akimaliza kula alikuwa anabakiza tonge, analifunga katika kiganja, anatoka nalo nyuma ya nyumba. Mwanaume gani anatoka na tonge? Anamlisha nani? Kuhusu pipa la nyuma, lile la kunyweshea mbuzi, alikuwa amenikataza mapema.

"Usichote mule. Panya alikufia ndani."

Mbuzi akawa anawapeleka mtoni mwenyewe, kila siku. Sikushangaa. Mwenye wivu hutazama ng'ambo ya barabara. Kikulacho ki nguoni mwako, naye haoni.

Mwisho wa mwezi wa sita mvua zilikoma, na pipa la mbele likakauka. Nilikuwa na vyombo vya kuosha. Nikasema, panya ni panya, nitamwopoa na kijiko. Nikaenda nyuma ya zizi, nikaondoa bati lililofunika, nikainama.

Samaki sita wekundu waliinuka wote pamoja na midomo wazi. Walikuwa wakubwa kuliko nilivyowaacha. Mwenye mkia mweupe aliwapiga wenzake vikumbo, akatangulia mbele. Na kando ya pipa, nyuma ya magogo, palikuwa na bidoni ya njano yenye kitambaa cha kijani.

Nilikaa chini, palepale kwenye mavi ya mbuzi. Kwanza nilifurahi, Mungu ni shahidi, nilifurahi kwamba wako hai. Furaha hiyo haikumaliza pumzi tatu. Buti. Yule aliyekohoa barabarani alikuwa Léonard. Alikuta samaki wanapigania hewa, akawatia katika buti lake na maji ya mvua, akawaleta. Na kwa nini mtu avue buti katika matope kwa ajili ya samaki wa mwanamke mwingine? Wiki tano anawalisha fufu yangu, niliyoisonga mimi, kama ukumbusho wa Kahambu! Wiki tano nachekwa na Claudette, naye anakula, anafunga tonge, ananyamaza!

Kichwa changu kikawaka. Nikawachota wote kwenye sufuria ya maharage, nikavuka uwanja, nikasimama katikati ya barabara.

"Mukuje muone! Mukuje muone mwizi wa samaki!"

Lushebere haihitaji kuitwa mara mbili. Claudette alifika wa kwanza na mikono myeusi ya makaa. Maurice akatoka chini ya lori, Kahambu akatoka dukani. Na Léonard, kwa bahati yake, ndiyo kwanza alikuwa akiteremka kutoka shambani, jembe begani.

"Hawa hapa, dada Kahambu! Hai! Niliwakuta kwa pipa ya huyu bwana. Mimi munaniita mwenye kukaanga, kumbe mwizi ananilalia pembeni. Ulizeni yeye, ulizeni alikuwa anawafichia nini!"

Kahambu alichungulia ndani ya sufuria, akaweka mkono mdomoni. Kisha akamtazama Léonard.

"Papa Léonard, ni weye?"

Léonard alishusha jembe. Akanitazama mimi, si yeye. Nilimwona anachambua, na nikajua anachokichambua, maana bidoni ilikuwa nyuma ya magogo na neno moja tu lilitosha.

"Njo mimi," akakiri.

"Lakini kwa nini? Ungeniomba, ningekupatia hata wawili."

"Njo mimi, Mama Kahambu. Unisamehe."

Claudette akasema wazi kwamba kumbe Papa Shekinah ni mwizi, na mtu mzima, na mashemasi wajue. Mwingine akataja faini ya mbuzi. Léonard akaegemea jembe. Alisimama na jina jipya la mwizi kichwani, yeye anayerudisha hata msumari aliouokota njiani. Na mimi na hasira yangu nikaanza kuhesabu polepole, kama mtoto. Kama aliwaokoa kwa ajili ya Kahambu, mbona hakumrudishia siku ile ile, akapewa asante na soda? Angewarudisha, Kahambu angeuliza: ni nani alitia klori? Maji yalinuka. Bidoni ilikuwa pale. Samaki wasingerudi bila jina langu kurudi nao.

Kahambu alikuwa ameleta ndoo, anawahamisha samaki mmoja mmoja kwa kiganja. Alipomfikia mwenye mkia mweupe, akasimama.

"Basi mimi ningejua tangu zamani," akasema, na sauti yake ilikuwa na huzuni kuliko hasira. "Huyu njo alikuwa anamupenda. Alimupatia jina. Kila jioni ku kioo: 'Vestine, acha wenzako bakule. Vestine, utaumwa na tumbo.' Tunacheka mpaka! Mimi namuuliza Vestine ni nani, hanijibu. Mi sijue kama ni muntu wa kwao ao nani."

Alisema hivyo bila hila yoyote. Miaka miwili ananiita Mama Shekinah, angejulia wapi? Lakini wengine wote pale walizaliwa nami, walibatizwa nami. Wote wakageuka kunitazama mimi. Hata Claudette. Léonard alikuwa anatazama mabuti yake, mwanaume wa miaka arobaini na minne, kama mvulana aliyekamatwa na barua ya mapenzi.

Nilirudi nyuma ya zizi. Ningeweza kubaki huko, hakuna aliyenifuata. Nikaichukua bidoni, nikaibeba kichwani ili kitambaa kionekane, nikarudi katikati ya watu, nikaiweka miguuni pa Kahambu.

"Papa Shekinah hakuiba," nikasema. "Mimi nilitia klore ya mara mbili kwa samaki wako, wakufe. Nilikuwa na wivu na weye. Yeye aliwaokoa, na akanificha. Na Vestine njo mimi."

Sitawaambia kwamba Kahambu alinikumbatia. Alinitazama kama mtu aliyekuta nyoka kitandani mwake. Akachukua ndoo, akaingia dukani, akafunga mlango mchana kweupe. Mbuzi tulimtoa, aliye bora, nami nilimpeleka mwenyewe mpaka mlangoni. Salamu alinikatia hadi mwezi wa tisa, na siku aliponisalimia tena hakuulizia mbuzi. Wateja walirudi nusu. Claudette bado ana la kusema, na ana haki.

Ila samaki mwenye mkia mweupe Kahambu alimwacha ndani ya sufuria yangu ya maharage. Siku ile sikujua kama ni zawadi au ni kuniambia nikae na mwenzangu. Mpaka leo sijauliza.

Yuko katika pipa la nyuma. Léonard amemwekea jiwe la kukalia, na jioni akishuka shambani anapita huko kwanza, na tonge mkononi. Mimi niko jikoni, nasikia anazungumza naye, maneno mengi, zaidi ya saba, na wivu unanipanda kama zamani, juu ya samaki mmoja. Nikisikia anaita "Vestine", sisubiri kujua anamwita nani. Naacha mwiko, naitika mimi kwanza.